Kikombe Kilichofungua Njia ya Barua

Inatangazwa kwa heshima zote, kwa wanaohusika na kwa wanaopenda tu kujua mambo ya watu, ya kwamba njia ya barua za ndege baina ya Mombasa na Jeddah haikufunguliwa na waziri, wala na balozi, wala na yule bwana mwenye miwani ambaye picha yake ilitoka gazetini akikumbatia mfuko mtupu. Ilifunguliwa na Haroub bin Suweid, dereva, mzaliwa wa Malindi ya Unguja, mkaazi wa mtaa wa Ruwais huko Jeddah, mume wa Bi Wahida, mtu wa kimo cha wastani na tumbo lililopita wastani. Aliifungua akiwa amekaa kitako, bila ya kusema neno, na bila ya kutaka. Waliokaa na wasimame kwa heshima. Waliosimama na wakae, maana kisa chenyewe si kifupi.

Ilikuwa miaka ile mafuta yalipopanda bei na akili za watu zikapanda nayo. Nje ya bandari ya Jeddah meli zilijipanga mpaka upeo wa macho, na saruji nyingine iligandia humo humo melini kabla ya kuiona nchi kavu. Helikopta zikaletwa kwenda kuichukua. Ukitoka Ruwais asubuhi kwenda kazini, jioni unakuta barabara uliyopita imehamishwa. Ng'ombe wa maziwa walikuja kwa ndege. Maua ya harusi yalikuja kwa ndege. Kulikuwa na tajiri mmoja wa Aziziya aliyeletewa barafu kwa ndege, kwa sababu barafu ya Jeddah, alisema, ina ladha ya Jeddah. Kitu kimoja tu hakikuwa na ndege yake, nacho ni barua kutoka Mombasa.

Abiria wa Mombasa walikuwa wakipanda ndege na kufika, wengine kwa kupitia Nairobi, wengine Khartoum. Lakini mfuko wa posta haukuwa na ruhusa ya kupanda nao, kwa kuwa serikali mbili hazijaandikiana mkataba. Basi barua iliyoandikwa Mombasa ilikwenda Nairobi, Nairobi ikapelekwa London, London ikapumzika kama mgonjwa aliyeshauriwa na daktari, kisha ikaja Beirut, na huko walikuwa wanapigana. Ikifika Jeddah, yule mtoto aliyeandikwa kuwa anaota meno anakuwa ameshaanza kuyang'oa.

Ndiyo maana watu wa Pwani waliokuwa Jeddah walikuwa na posta yao wenyewe, na posta yao ilikuwa Haroub.

Haroub alitoka Unguja mwaka ule wa mapinduzi na sanduku moja ambalo, alipolifungua Jeddah, aligundua si lake. Hakulalamika. Alivaa nguo za mwenye sanduku mpaka zikachakaa. Baadaye akapata kafili, yaani mdhamini wa kumweka nchini, mwenye ofisi ya wasafiri, akapewa gari refu la Kimarekani, na kazi yake ikawa kupokea wageni kiwanja cha ndege. Na kila mgeni wa Pwani aliyeshuka alikuwa na barua za watu: kwenye soksi, ndani ya msahafu, chini ya chano cha mkate wa mofa. Haroub alisimama mlangoni na kiganja mbele.

"Za Ruwais nipe mimi. Za Makka mpe yule mwenye kilemba. Hii umeikalia, babu, inuka."

Hakuchukua ujira. Malipo yake yalikuwa kuitwa Haroub Posta, na alilipenda jina hilo kuliko alivyopenda ikama yake, kibali chake cha kukaa nchini. Akipita mtaani kwa gari, watoto walikimbia mbele kupiga makelele, wanawake walifungua madirisha kidogo, na wanaume waliokuwa wakimdharau wiki nzima walimwamkia kwa jina la baba yake.

Lakini tusidanganyane. Yote hayo yalikuwa chachandu. Chakula chenyewe kilikuwa Bi Wahida.

Bi Wahida alikuwa mjane, mshonaji wa nguo za maharusi, anakaa Ruwais karibu na bahari pamoja na kaka yake Hilal. Hilal alikuwa mlinzi wa zamu ya usiku bandarini, na mchana kutwa alilala kwenye mkeka wa sebuleni mdomo wazi, na hivyo kuihifadhi heshima ya dada yake bila ya kujisumbua. Binti wa Wahida, Badriya, ameolewa Mombasa, na alikuwa na kalamu isiyochoka. Barua za Badriya zilikuwa nene. Haroub akizipata aliendesha moja kwa moja mpaka kwenye kona ya Wahida na kupiga honi mara moja, kwa adabu. Wahida akisikia honi alikwenda kufunua sufuria ya halua aliyoisonga mwenyewe. Haroub akiingia, hodi, karibu, Hilal anageuka ubavu. Kwanza halua, kisha kahawa, kamwe si kinyume, kama walivyolelewa wote wawili kwao. Kisha Wahida anaisoma barua kwa sauti, na Haroub anatikisa kichwa kama kwamba mimba ya nne ya Badriya ni jambo lililompata yeye.

Alimpenda Wahida kwa muda mrefu hata mtaa mzima ukajua, ukasahau, ukajua upya. Yeye Wahida hakujua, au alijua akanyamaza. Kwa wanawake wa Malindi ya Unguja mambo haya mawili yana sura moja. Na Haroub hakuwahi kusema. Akiwa na barua mkononi, alikuwa mtu wa maana, mjumbe, mtu wa kukaribishwa. Bila ya barua, alikuwa mwanamume mwenye tumbo kwenye mlango wa mjane. Barua ndiyo iliyokuwa pasi yake, na hakuwa na pasi nyingine.

Sasa basi, siku moja kafili wake akamwita.

"Haroub, wanakuja wakubwa kutoka Nairobi. Wanakwenda Riyadh kuzungumza na serikali. Ndege za Riyadh zimejaa wauza saruji, utawapeleka wewe kwa gari."

"Kuzungumza nini, baba?"

"Posta. Wanataka barua zije kwa ndege, moja kwa moja. Mambo mazuri kwenu, sivyo?"

Haroub alisema ndivyo, akatoka nje, akakaa ndani ya gari mlango wazi, miguu nje, jua likimpiga. Mchuuzi wa maji aliyepita alimwuliza kama amefiwa.

Wakubwa wenyewe walikuwa wawili. Mkuu wa ujumbe aliitwa Barasa, mtu mrefu mwenye suti ya sufu, suti ya kuombea kazi Ulaya, iliyokuwa ikimpika taratibu. Mwenzake, Geoffrey, alikuwa mwanasheria na hakuwahi kumaliza sentensi bila ya kuiwekea masharti. Walipaswa kuwa watatu. Wa tatu, mtaalamu hasa wa mambo ya barua za ndege, alikuwa bado Nairobi anangoja viza yake, ambayo ubalozi ulikuwa umemtumia kwa posta.

"Imefika wapi hiyo viza?" Haroub aliuliza njiani, walipoanza kuupanda mlima wa Taif.

"Tunavyoelewa, London," alisema Geoffrey. "Ikiwa haijaondoka."

"Na nyinyi mnaona mtafaulu?"

"Mzee," Barasa alisema, akijifuta jasho shingoni, "hii ni kitu ya wiki moja tu. Nani anaweza kukataa barua?"

Jangwa zima aliloendesha, Haroub alikuwa anaomba dua. Na dua yake, Mungu amsamehe, ilikuwa kwamba wakataliwe.

Riyadh ilikuwa vumbi lenye winchi juu yake. Ofisi ya serikali waliyopelekwa, ambayo jina lake nitaliacha lipumzike, ilikuwa jengo jipya la marumaru, lenye lifti inayozungumza na chemchemi ya maji mlangoni. Viti hakukuwa na hata kimoja. Viti vyote vya jengo lile vilikuwa melini nje ya Jeddah, kwenye foleni, nyuma ya saruji. Kwa hiyo mkubwa wa ofisi, Sheikh Mutlaq, mzee wa kibedui aliyepewa cheo kabla ya kupewa meza, alitandika mazulia na mito ya kuegemea kwenye ukumbi wa mikutano, akaweka jiko la mkaa kati ya marumaru, na hapo ndipo serikali mbili zilipokutana, miguu imekunjwa.

Siku ya kwanza Barasa alitoka akichechemea, miguu imekufa ganzi. Haroub alikuwa akingoja garini.

"Vipi, bwana mkubwa?"

"Lakiri," alisema Barasa.

Ilikuwa hivi. Kila kitu walikubaliana mpaka kufikia saa ya chai: ndege, siku, uzito. Kisha ikaulizwa kwamba mfuko wa posta ukifungwa shingo, ile lakiri nyekundu itakayobandikwa kwenye kamba iwe na muhuri wa serikali gani. Wenyeji walisema wao, kwa kuwa mfuko unashukia kwao. Wageni walisema wao, kwa kuwa unapandia kwao. Geoffrey alipendekeza mihuri miwili, ikajibiwa kwamba hapo lazima mmoja uwe juu ya mwenzake. Akapendekeza ubavu kwa ubavu. Ikajibiwa kwamba mmoja utakuwa kulia. Mkalimani, kijana wa Kimisri aliyekwisha kukata tamaa ya maisha, alitafsiri neno "shingo" mchana kutwa.

"Kwa hiyo mmeshindwa?" Haroub aliuliza, akijitahidi asicheke.

"Hatujashindwa. Tumeahirisha."

Siku iliyofuata waliahirisha tena. Na iliyofuata. Haroub alinenepa. Alikuwa akilala vizuri, akila wali wa kabsa kwa mikono miwili, na mara moja aliimba. Aliwanunulia wageni wake juisi ya ndimu kutoka mfukoni mwake, na kila walipotoka wamenuna yeye alifungua mlango wa gari kwa furaha ambayo Geoffrey, masikini, aliichukua kuwa ni huruma.

Mpaka asubuhi ile. Walifika mlangoni, mkalimani akaja mbio.

"Leo Sheikh ameleta watu watatu. Wamekaa upande ule, watatu. Upande wenu mko wawili. Mto mmoja utabaki mtupu. Haipendezi. Kwetu mto mtupu ni kama mtu aliyekasirika akaondoka."

Barasa alitazama kulia, akatazama kushoto, akamtazama Haroub. Haroub alikuwa amevaa kanzu safi na kofia ya vito aliyoshonewa kwao, ndevu zimechanwa, tumbo limetangulia. Kwa mbali alikuwa anafanana na hazina ya taifa.

"Mzee, funga gari. Ingia."

"Mimi? Kufanya nini?"

"Kukaa. Usiseme kitu. Wakicheka, cheka. Wakinywa, kunywa."

"Bwana Barasa, mimi ni dereva."

"Leo ni mshauri mwandamizi," alisema Barasa, akamsukuma.

Wakaingia, wakakaa. Sahani ya tende ililetwa ikawekwa mbele ya Barasa, na Barasa, ambaye hofu ilikuwa imemnyima chai ya asubuhi, akaanza kuzila moja baada ya moja macho yakiwa kwa Sheikh, kama mtu anayehesabu uradi. Mazungumzo yakaanza. Shingo. Kamba. Muhuri. Kulia. Kushoto. Sahani ilipofika kwa Haroub ilikuwa na kokwa tu.

Kisha akaja mmwagaji na dele lake la shaba, kahawa ile ya kwao, ya manjano, chungu, ina harufu ya iliki. Akammiminia Sheikh na watu wake watatu, akammiminia Barasa, akammiminia Geoffrey. Akammiminia Haroub kikombe kisicho na mkono, tone la chini. Haroub akakipokea kwa mkono wa kulia, kama mtu aliyefunzwa adabu. Akakitazama. Akatazama huku na huku. Kisha akakiweka chini, juu ya zulia, mbele ya magoti yake, hakukigusa tena.

Sheikh Mutlaq alikuwa katikati ya neno. Akalikatiza.

Wale watatu wa upande wake wakavishika vikombe vyao kama vinawaunguza. Mmwagaji akasimama na dele lake hewani. Ukumbi wote ukanyamaza, isipokuwa chemchemi nje, ambayo haikuwa na adabu. Geoffrey alimtazama Barasa. Barasa alikuwa na tende mdomoni na hakujua kama aitafune. Haroub alikuwa anakitazama kikombe chake kwa upole, mikono juu ya mapaja.

Muda ukapita. Mtu mmoja wa Sheikh akaanza kutokwa na jasho, yeye aliyezaliwa humo jangwani.

Mwishowe Sheikh akajiweka sawa juu ya mto wake. Sauti yake ilikuwa imebadilika. Haikuwa tena sauti ya ofisi.

"Ewe mgeni," alimwambia Haroub, "kunywa kahawa yako. Mlilolijia mmelipata."

Haroub alikijua Kiarabu vizuri, Kiarabu cha Jeddah. Kila neno alilisikia. Akakodoa macho.

"Muhuri?" aliuliza mkalimani, sauti ikimtoka kama ya panya.

"Wao wauweke. Shingoni, kulia, wapendapo. Halas."

Haroub akakichukua kikombe, akakinywa chote kwa funda moja, akakunja uso. Barasa akameza tende pamoja na kokwa yake.

Nje, kwenye jua, mkalimani ndiye aliyewafahamisha, na yeye mwenyewe alikuwa bado ameshika ukuta. Kwa mabedui wa huku, alisema, mgeni akiweka kikombe chini bila ya kukinywa, huko ndiko kuomba. Ana haja nzito, na hatakunywa mpaka apewe. Na mwenyeji akimwacha mgeni aondoke na kahawa imepoa mbele yake, aibu hiyo wataisikia mpaka visima vya mbali. Ofisi isingekuwa na mazulia, Sheikh angekuwa serikali, angekataa mpaka kiama. Lakini alikuwa amekaa chini, na dele, na jiko, na mgeni. Angefanyaje?

"Mshauri wenu huyu," mkalimani alisema, akimtazama Haroub kwa woga, "ni mtu hatari."

"Mzee," Barasa alimshika Haroub mabega mawili. "Wewe ni nani hasa?"

Haroub alikwenda kufungua milango ya gari. Aliwapakia garini, akawasha moto, akaendesha. Geoffrey ndiye aliyegundua, baada ya muda mrefu, kwamba hoteli haiko huku. Walikuwa Sulay, katikati ya maghala na malori, nyuma ya lori la mabomba, na Haroub anaendelea tu kulifuata lile lori kwa sababu lilikuwa mbele.

"Mzee, tunaenda wapi?"

"Sijui," alisema Haroub. "Nimejifungia mlango mwenyewe, bwana. Mimi mwenyewe kwa mkono wangu."

Hawakumfahamu. Walidhani ni furaha.

Habari zilifika Jeddah kabla yao. Zilifikaje, hakuna ajuaye, kwa maana barua zilikuwa bado hazijapata ndege. Aliposhuka Ruwais alikuta baraza zima limekaa linamngoja, na Bi Kijakazi, muuza mandazi mwenye mdomo uliokuwa ukiogopwa na maaskari, amesimama mikono kiunoni.

"Huyoo! Yakhe Haroub, hebu njoo hapa. Ni kweli?"

"Kweli nini?"

"Umewekewa Saudia nzima ndani ya kikombe, ukaomba stempu?"

"Sikuomba."

"Ungeomba nyumba! Ungeomba ikama isiyo na kafili! Mwanamume mzima, amepewa mdomo wa mfalme, anasema nataka bahasha! Wallahi nimepigwa na bumbuwazi toka jana, mandazi yangu yote yameungua."

"Bi Kijakazi, nakwambia sikuomba kitu."

"Ndiyo kibaya zaidi!"

Kila mtu alikuwa na maelezo yake. Wazee walisema aliijua desturi ile zamani, alijifunza kwa mabedui wa Taif. Vijana walisema ametumwa na serikali ya siri. Mwalimu wa chuo alisema ni ilhamu. Waliomwuliza mwenyewe hawakupata jibu, kwa sababu Haroub alikuwa amepigwa na mshangao kuliko wao wote, na mtu aliyeshangaa hivyo hufanana sana na mtu mwenye hekima.

Mfuko wa kwanza ukatua. Ulikuwa na lakiri nyekundu shingoni, na watu wakaupiga picha. Siku ile ile Haroub alisimama mlangoni pa kiwanja na kiganja mbele, na mzee mmoja wa Lamu akakitia shilingi akidhani ni maskini.

"Barua, babu. Huna za watu?"

"Aa, mwanangu. Siku hizi tunatia stempu. Kuna bwana mmoja mkubwa ameleta njia."

Haroub akarudi garini. Hakupita kona ya Wahida. Wiki ile hakupita, na iliyofuata hakupita. Watoto waliacha kukimbia mbele ya gari lake. Alipungua, ingawa tumbo, kwa ukaidi wake, lilibaki. Rafiki zake wakamwona anaendesha kwa kuzunguka mtaa wote wa nyuma, kwenye mashimo, ili tu asipite mbele ya dirisha moja.

Na huko kwa Wahida nako hakukuwa kwema. Huku Jeddah barua hailetwi mlangoni. Inakwenda kwenye sanduku la posta, na sanduku lina jina la mwanamume mwenye ikama. Sanduku la Hilal lilikuwa la kafili wake, na barua za Badriya zilikuwa zikiingia humo pamoja na bili za kampuni za kamba na nanga, na kukaa, mpaka karani apate moyo. Ndege ilikuwa inazileta kwa kasi ya ajabu ili zije zikae.

Haroub alipolisikia hilo ndipo alipoamua. Alikwenda posta, akaandika jina lake, akapewa sanduku na ufunguo. Ufunguo akaufunga kwenye leso. Atampelekea. Barua za Badriya zitaingia humo, Hilal atakwenda kuzichukua akiamka, na yeye atakuwa amemaliza kazi yake duniani. Siku hiyo hakuchukua gari. Alikwenda kwa miguu, baada ya alasiri, na hakupiga honi, kwa kuwa mtu wa miguu hana honi.

"Hodi."

 Kisha Wahida akafungua, sindano mdomoni, nguo ya bibi harusi begani. Akaitoa sindano.

"Haroub bin Suweid," alisema. "Nilidhani umekufa."

"Bado."

"Pita. Mimi sikusikia gari."

Hilal alikuwa kwenye mkeka wake, ubavu wa kulia. Haroub akakaa pale pale alipokuwa akikaa siku zote. Akaifungua leso na kuusogeza ufunguo kwenye mkeka.

"Huu wa sanduku la posta. Namba imeandikwa hapo. Mwandikie Badriya, atie namba hiyo. Hilal atakuchukulia. Mimi sina... Basi. Ndiyo hayo."

"Jina la nani, sanduku?"

"Langu."

"Kwa hiyo Badriya mwanangu ataandika bahasha yenye jina langu, kwenye sanduku lako."

"Ndiyo."

"Na watu wa posta watasema mimi ni nani kwako?"

Haroub alitazama mkeka. Hakuwa amelifikiria hilo, au alikuwa amelifikiria sana. Wahida akasonya, akainuka. Akarudi na dele na vikombe viwili. Akamimina kahawa, akampa. Haroub akakipokea kikombe kwa mkono wa kulia. Akakitazama. Akatazama huku na huku. Kisha akakiweka chini, juu ya mkeka, mbele ya magoti yake.

Wahida akashika kifua.

"Hilal," aliita. "Hilal! Amka!"

Hilal akaketi kama aliyemwagiwa maji. "Moto? Wezi?"

"Tazama."

Hilal akatazama. Akakiona kikombe kimejaa, chini, na Haroub nyuma yake ametulia. Na kwa kuwa hapakuwa na mtu Ruwais asiyekijua kisa cha Riyadh, macho yake yakafunguka kuliko yalivyowahi kufunguka mchana.

"Lahaula," alisema. "Amekiweka."

"Kakiweka. Ndani ya nyumba yangu." Uso wa Wahida ulikuwa umeiva. "Miaka yote anakuja hapa anakula anaondoka, anakula anaondoka, mimi nasema labda leo. Alipokwenda Riyadh akakiweka kule mbele ya wakubwa ili mimi nipate barua za mwanangu, nilijua. Sikusema, lakini nilijua. Na sasa amekiweka hapa."

Dirishani pameshafika kichwa cha Bi Kijakazi, kwa njia ambayo hata leo haijafahamika.

"Mjibu basi, mwanamke!" alisema Bi Kijakazi. "Kahawa inapoa!"

Hilal alimtazama dada yake, akamtazama Haroub, akatikisa kichwa kumpa dada yake idhini, akiwa bado na mkeka umechora mistari shavuni. Wahida akajifunika vizuri. Akakaa wima kama Sheikh.

"Haroub," alisema. "Kunywa kahawa yako. Ulilolijia umelipata."

Haroub akainua uso. Alimtazama Wahida, akamtazama Hilal, akamtazama Bi Kijakazi dirishani aliyekwisha kujiandaa kupiga kigelegele. 

"Kule na hapa," alisema, "nilikuwa nangoja halua."